Mtazamaji na Haki ya Kujibu: Maoni ya Mpanda juu ya Sinema, Vichekesho na Muziki

Kwa desturi, neno uhakiki likitajwa chuoni, hukumbukwa kitabu, mtungaji wake, na mwanachuoni aliyekaa kitako akakipima. Maoni ya mtu atokaye kutazama picha ya sinema hayamo katika hesabu hiyo. Hutamkwa njiani, hayaandikwi, na aghalabu msemaji mwenyewe huyasahau kabla jua halijachomoza. Wataalamu huyapita kama msafiri apitavyo kelele za soko ambalo hana haja nalo. Walakini picha nyingi zionyeshwazo katika Tanzania hutazamwa na watu ambao hawatasoma hata mara moja uhakiki ulioandikwa juu yake, na nyingi miongoni mwake hazikupata kuandikiwa uhakiki wo wote. Hukumu ya pekee zinayoipata ni ile itokayo katika vinywa vya watazamaji. Kama hukumu hiyo ni upuzi mtupu, basi sanaa nzima haina hakimu. Kama ina thamani, basi chuo kimepoteza mali iliyo mlangoni pake. Jambo hili lastahili kupimwa, na Mpanda ni mahali pafaapo kulipimia.

Mpanda ni mji ulio mwisho wa njia. Tawi la reli litokalo Kaliua lilijengwa karibu na mwaka 1950 ili kubeba madini ya risasi ya Kampuni ya Uruwira. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, reli ilibaki na watu wakabaki. Kwa muda mrefu mji ulikuwa chini ya Mkoa wa Rukwa, hata mwaka 2012 ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Katika sensa ya mwaka huo mkoa ulikuwa na watu wapatao 565,000. Katika sensa ya mwaka 2022 idadi ilikuwa imepita milioni moja na laki moja. Maana ya hesabu hiyo ni kwamba wenyeji wa zamani, Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, sasa huishi pamoja na Wafipa, Wasukuma, Waha na wengine wengi, na pamoja na watu wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Katika mwaka 2014 wakimbizi hao wa zamani, pamoja na wenzao wa Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000, walianza kupewa hati za uraia wa Tanzania. Basi anayetaka kujua jinsi picha iliyotengenezwa Dar es Salaam, Mumbai au Hollywood inavyopokewa na watu wa asili nyingi wenye Kiswahili kimoja, hawezi kupata mahali pazuri zaidi.

Picha hizo huonekana wapi? Nyingine huonekana nyumbani, tangu televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994, miaka 21 baada ya ile ya Zanzibar, na tangu king'amuzi kilipokuwa chombo cha nyumbani. Siku hizi nyingine huonekana katika simu ya mkononi. Walakini shule yenyewe ya mtazamaji wa Bara imekuwa kibanda umiza. Jina lake ni uhakiki tayari. Ni chumba cha kukodi, cha mbao, cha bati au cha turubai, chenye mabenchi yasiyo na egemeo na hewa haba. Mtu hutoa kiingilio kidogo, akabanwa na jirani zake, akatoka na maumivu ya mgongo na furaha ya moyo. Katika mji uliotegemea umeme wa majenereta ya mafuta kwa miaka mingi, kukatika kwa picha katikati ya kisa ni jambo lililozoeleka. Kukatika huko hutia mazungumzo: mtazamaji hulazimika kukisia mwisho na kueleza sababu ya makisio yake. Mwalimu wa fasihi hutumia ufundi mwingi kuwafanya wanafunzi wafanye hivyo hivyo.

Watazamaji wa vibanda wana istilahi zao. Shujaa wa kisa huitwa steringi. Ashindanaye naye huitwa adui, hata kama hakuna vita. Picha iliyokaza kamba ni kali. Iliyolegea, hamna kitu. Juu ya yote kuna sheria ijulikanayo na kila mtoto nchini: steringi hafi. Msomi aisikiapo hucheka, lakini hana haki ya kucheka. Sheria hiyo ni kanuni ya utungo iliyotolewa na watu walioona mifano mingi wakatoa jambo moja linalozifunga zote. Ndiyo kazi ya elimu. Msikilizaji wa hadithi za Sungura hujua kwamba Sungura hataliwa. Haogopi kifo chake, bali hungojea kuona hila itakayomtoa mtegoni. Vivyo hivyo anayejua kwamba steringi hafi hatazami kama atapona, hutazama jinsi atakavyopona. Tena sheria ikivunjwa, mvunjaji hudaiwa sababu. Picha ya Titanic ya mwaka 1997, ambamo kijana mpendwa hufia majini, ilitazamwa sana Tanzania, na anayeihukumu kwa kipimo cha steringi hana budi kujiuliza kama kisa kilimhitaji afe, ama kama mtungaji alitaka machozi tu. Hilo ni swali la tanzia, lililoulizwa kwa maneno mengine na wanafalsafa wa Kiyunani.

Picha za kigeni aghalabu hazifiki masikioni katika lugha yake. Kati yake na mtazamaji husimama mfasiri, asimuliaye kisa kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kazi hiyo ilienea pia Uganda, ambako VJ Jingo ana sifa kubwa kwa Kiganda, na Kenya, ambako sauti ya DJ Afro yajulikana kila mtaa. Katika Tanzania mmoja wa waanzilishi alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Sauti yake ilirekodiwa katika kanda na baadaye katika sahani za video, ikasafiri hadi miji ambayo mwenyewe hakuifikia. Mfasiri wa namna hii hafungwi na maneno ya kitabu. Hueleza desturi ngeni, huongeza mzaha, humwonya steringi na kumsuta adui, na pengine humpa Mmarekani jina la mtaa wa Dar es Salaam.

Mwanachuo aliyefundishwa uaminifu wa tafsiri atasema kwamba huo ni uharibifu. Mtazamaji wa kawaida ana kipimo kingine. Huuliza kama mfasiri amemwezesha kufuata kisa, kama mzaha wake umekuja mahali pake, na kama amejua kunyamaza wakati wa kunyamaza. Kipimo cha tatu ni bora kuliko vyote, na wengi waandikao juu ya tafsiri hawajakifikia. Mfasiri asemaye wakati wote huua picha. Asemaye kidogo mno huacha watu gizani. Kwamba mtu asiyejua Kiingereza aweza kutambua tafsiri njema na mbaya ni jambo la ajabu kwa juujuu tu. Hupima jinsi maneno yanavyopatana na uso, mkono na mwendo anaouona kwa macho yake.

Picha za nyumbani, zijulikanazo kwa jina la Bongo Muvi, huhukumiwa kwa ukali zaidi, kama ndugu ahukumiwavyo kwa ukali kuliko mgeni. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, alikuwa na umri wa miaka 28, na umati uliomzika Dar es Salaam ulionyesha jinsi picha hizo zilivyokuwa zimeingia katika mioyo ya watu. Hata hivyo wapenzi hao hao hawakuacha kulalamika. Walilalamika kwamba kisa kimoja hukatwa vipande viwili kikauzwa mara mbili. Kwamba gari huonyeshwa likienda kutoka lango hadi lango ilhali hakuna linalotukia. Kwamba watu wote hukaa katika majumba ya fahari, na haijulikani fedha yao yatoka wapi.

Malalamiko hayo matatu yakichunguzwa ni hoja tatu za uhakiki. La kwanza lahusu umoja wa kazi: je, mwisho wa sehemu ya kwanza umetoka katika kisa au katika biashara? La pili lahusu matumizi ya wakati: mwendo wa gari wafaa kuonyeshwa ukibadili hali ya aliyemo, na usipoibadili ni chuku ya muda tu, kama ubeti uliotiwa maneno ili mizani itimie. La tatu lahusu uhalisi, nalo ndilo lenye uzito kwa Mpanda. Mkulima wa mahindi na mpunga anayeona nchi yake ikisawiriwa kama sebule moja yenye makochi makubwa ana haki ya kuuliza yeye yuko wapi.

Jibu la kuhuzunisha ni kwamba yumo, lakini yumo kama mshamba. Mtu atokaye bara, ashangaaye taa za mji, adanganywaye na wajanja na kusema Kiswahili kilichopinda, ni mhusika wa zamani kupita uhuru wenyewe. Mwaka 1952 ilitengenezwa Tanganyika picha ya Muhogo Mchungu, ya kuchekesha, juu ya mtu wa shamba katika mji. Aliyekuwa mwigizaji wake mkuu ni Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea. Miaka 10 baadaye, mwaka 1962, mtu huyo huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Tena mwaka 2008 uwaziri mkuu wa Tanzania ulishikwa na Mizengo Pinda, mtu wa Mpanda yenyewe, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima. Historia imemjibu mara mbili mcheka washamba. Lakini vichekesho havisomi historia, na mshamba angali anashuka katika basi na kushangaa.

Hapa ndipo suala la vichekesho vya televisheni liwapo zito. Tanzania imepata wachekeshaji hodari: redioni, Pwagu na Pwaguzi, katika filamu, Amri Athumani wa Tanga, Mzee Majuto, aliyefariki mwaka 2018, na katika televisheni, kundi la Ze Comedy la EATV, ambalo baadaye lilihamia TBC1 kwa jina la Ze Orijino Komedi. Kundi hilo lilithubutu kuwaiga wakubwa wa nchi, na kwa hilo lilistahili sifa. Walakini chombo kimoja cha uchekeshaji wa namna hii, tangu redio hadi leo, ni lafudhi: Msukuma asemavyo, Mmakonde asemavyo, Mhaya asemavyo. Watu hucheka, na wengi hudai kwamba huo ni utani wa makabila uliopata chombo kipya.

Dai hilo halisimami bila masharti. Utani wa kale ulikuwa na sheria. Wanyamwezi, wasafiri wakuu wa misafara ya karne ya 19, walikuwa na watani katika makabila mengi ya njiani hadi pwani. Mtani aliweza kutukana, kunyang'anya na kudhihaki hata msibani, lakini kila alilofanya lingeweza kurudishwa kesho. Tena mtani alikuwa na wajibu: aliyedhihaki msibani ndiye aliyesaidia kuzika. Dhihaka ilikuwa deni lenye kulipwa kwa dhihaka, na chini yake ulikuwapo msaada. Televisheni imeichukua dhihaka ikauacha wajibu, tena imeondoa marejeo. Mchekeshaji aliye studioni huiga sauti ya mtu wa bara. Mtu wa bara humsikia, lakini hasikiwi. Mzaha usioweza kujibiwa una jina lingine katika Kiswahili, nalo ni kejeli.

Kwa mtu ambaye kabila lake lina mamilioni na sifa ya tangu zamani, kejeli hiyo huenda isiumize; Msukuma aweza kuwa wa kwanza kucheka. Mizani hubadilika ikija kwa mtu wa Katumba au Mishamo, ambaye kwa miaka 40 matamshi yake yalikuwa cheti alichochukuliwa nacho kila alipofungua kinywa, na ambaye hati yake ya uraia ingali mpya. Lafudhi ile ile ichekeshayo sebuleni ndiyo iliyotumika kumwuliza mtu ametoka wapi na atarudi lini. Mhakiki asiyeona tofauti ya vicheko hivi viwili hajui kazi yake, hata kama amesoma nadharia zote za ucheshi.

Basi mtu wa bara hujibu wapi? Hujibu katika benchi la kibanda na kando ya televisheni ya duka. Hapo husema kwa sauti kwamba mchekeshaji hajui lugha aigizayo, kwamba Msukuma hasemi hivyo, kwamba mzaha wa jana umerudiwa leo, kwamba leo hakuvunja mbavu za mtu. Maneno hayo ya kupita ndiyo marejeo yaliyokatwa na televisheni. Kwayo anayetaniwa huwa mtani tena badala ya kuwa kitu cha kuchekwa. Hii ndiyo thamani ya kwanza ya oni la mtu wa kawaida, nayo haitegemei usahihi wake. Oni hilo laweza kukosea juu ya picha na bado likawa kweli juu ya msemaji na heshima yake.

Katika muziki mambo ni mafupi zaidi. Muziki wa roki, hasa ule wa mkondo wa pembeni unaoukwepa umaarufu wa soko, hauna mizizi Mpanda. Upepo wa ziwa Tanganyika umeleta magitaa ya Kongo, na vijana wameshika Bongo Fleva na Singeli. Anayeusikia mara ya kwanza husema ni makelele. Hukumu hiyo si ya ajabu wala si ya Mpanda peke yake. Muziki wa soul uliitwa hivyo na mabaya zaidi, hata mwaka 1969 wenye mamlaka katika Dar es Salaam wakaukataza madansini. Bongo Fleva iliitwa uhuni. Singeli yaitwa makelele mpaka leo na watu wazima walioitwa wahuni jana. Wala roki si ngeni kabisa kwa Waswahili. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Na bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam iliyachanganya magitaa ya umeme na midundo ya Kiafrika ikatoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Neno makelele, basi, lina kasoro moja: huonyesha mpaka wa sikio, halionyeshi mpaka wa muziki. Tofauti yake na malalamiko juu ya gari liendalo bila sababu ni dhahiri. Lile lina hoja ndani yake, hili halina.

Kwa hiyo haifai kuyasifu maoni yote kwa sababu tu yametoka kwa wananchi. Kumsifu mtu bila kumpima ni namna moja ya kumdharau. Oni la kupita lina maradhi matatu. La kwanza, huichanganya kazi na mtu: mwigizaji wa adui huchukiwa sokoni, na habari za ndoa ya mwigizaji huwa uhakiki wa picha yake. La pili, hufuata wingi: picha iliyosifiwa na benchi la mbele husifiwa na benchi la nyuma lisiloona vizuri. La tatu, hukimbilia kinga ya methali isemayo akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo ni njema kwa amani ya baraza, lakini ikitumiwa kufunga mjadala huua hukumu yenyewe, maana nywele nazo huchanwa, na zisizochanwa hujulikana.

Dawa ya maradhi hayo haitapatikana kwa kumfundisha mtazamaji istilahi za chuo. Steringi na adui ni maneno yenye kazi, na atakayeyaondoa ili aweke mengine mazito hatakuwa amemwongezea mtu macho. Dawa ni swali moja tu, ambalo baraza lolote laweza kuuliza na kulijibu: kwa nini? Mtu akisema picha ni kali, aulizwe kwa nini. Akisema hamna kitu, aulizwe vivyo hivyo. Jibu la swali hilo ndilo lililozaa hoja za umoja, wakati na uhalisi zilizotajwa hapo juu, nazo zilizaliwa bila mwalimu.

Upande wa chuo, wajibu ni mzito zaidi. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamesafiri hadi vijijini kukusanya vitendawili na hadithi, na kazi hiyo ni ya heshima. Wamepita nje ya kibanda umiza wasiingie, ingawa ndani yake Kiswahili kilikuwa kikifanya kazi mpya ya kutafsiri, kusuta na kuhukumu mbele ya hadhira hai. Vibanda vingi vimeanza kupungua kwa ajili ya simu, ambamo kila mtu hutazama peke yake na kucheka peke yake. Baraza likivunjika, maoni yaliyokuwa yakijibizana yatatawanyika, na hayatakuwapo mabenchi ya kuyarudia. Anayetaka kuyaandika ayaandike sasa, pamoja na lafudhi zake, na asiyasahihishe.